Kura ya Kinyonga

Nimefundisha watoto Kurani tangu ujana wangu, kwanza nikimsaidia baba, kisha peke yangu, kwenye ukumbi wa nyuma ya nyumba yetu hapa Moshi mjini. Mwenyezi Mungu amenijalia kuwaona waliosoma kwangu wakileta watoto wao, na sasa wajukuu zao. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema ili ieleweke kwamba nililolifanya mwaka jana katika darasa la nne la mjukuu wangu sikulifanya kwa kutojua. Ningekuwa sijui, leo ningeona haya kidogo tu.

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu anayefanya kazi Dodoma. Ninaishi naye mimi, na asubuhi anapanda kwenda shule ndogo iliyo kwenye njia ya Old Moshi, pale nyumba za mji zinapokoma na migomba inapoanza. Mwalimu wao wa sayansi ni binti kijana kutoka Kirua Vunjo, Mkatoliki, mpole, mwenye sauti ya chini. Nilimpenda siku ya kwanza kwa sababu marehemu mama yangu naye alizaliwa Kirua Vunjo. Mama alisilimu alipoolewa na baba, ambaye watu wake walipanda huku kutoka Tanga wakati wa reli. Mpaka leo nina binamu wanaosali kanisani, na Idi tunakula kwangu, Krismasi tunakula kwao. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba niliyoyafanya yalitokana na ugomvi wa dini.

Mwalimu huyu alifundisha viumbe kwa kuchora. Hakuwaambia watoto kinyonga ana vidole vingapi. Aliwapeleka nje, kila mmoja na kipande cha mbao na karatasi, wakae kimya, wachore mguu wa kinyonga mpaka wenyewe waone vidole vimekaaje, kisha ndipo waulize vimekaa hivyo kwa nini. Na mambo ya darasa waliyaamua wenyewe. Walikaa duara kwenye mikeka, mwenyekiti alikuwa mwanafunzi, akibadilika kila wiki, na penye shauri la kukata walipiga kura kwa punje za kahawa. Kulikuwa na makopo mawili nyuma ya kabati. Unakwenda peke yako, unatia punje yako, unarudi kukaa, na hakuna anayejua umetia wapi. Walikuwa na sharti moja zaidi ambalo mjukuu wangu alilieleza kwa fahari: jambo likishaamuliwa, walioshinda hawaruhusiwi kulirudisha. Anayeweza kuomba lifikiriwe upya ni yule aliyeshindwa.

Mambo haya niliyasikia jioni baada ya jioni. Mtoto alikuwa hajavua viatu, ananiambia, "Bibi, leo tumepiga kura." Nilikuwa nikitikisa kichwa na kuendelea na kazi yangu. Moyoni niliona ni michezo. Na kwa kuwa nimeamua kuandika, niandike yote: moyoni niliona pia wivu. Mtoto huyu alisoma kwangu madrasa tangu hajui kufunga ushungi, akahifadhi vizuri, lakini hakuwahi kukimbilia nyumbani kunieleza tulichosoma.

Kinyonga lilikuwa wazo lake. Darasa lilitakiwa kuchagua kiumbe kimoja cha kukifuata muhula mzima, na wengi walitaka vipepeo. Kinyonga watu wa huku mlimani wanamwogopa. Mama yangu alikuwa akimwona njiani anazunguka njia nyingine, na hakutaka kusema sababu. Watoto nao walikuwa na hofu hiyo hiyo ya nyumbani kwao. Mjukuu wangu akasimama kwenye duara akawaambia kwamba wanamwogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kumtazama kwa muda mrefu, na kwamba kipepeo hatakaa atulie wamchore, ila kinyonga atakaa. Walicheka, lakini punje zilipohesabiwa, kinyonga alikuwa amepita kwa uchache sana. Jioni ile alinisimulia mara mbili, na mara ya pili akaongeza chumvi.

Wakawa wanakwenda kwenye kihamba kilichopakana na shule, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ambako kulikuwa na safu ya mibuni ya zamani, na humo ndani ya majani kulikuwa na kinyonga. Wiki kadhaa zikapita.

Siku moja baada ya swala ya alasiri mtoto aliniletea mchoro. Aliutandaza juu ya mkeka mbele yangu akakaa kando, mikono katikati ya magoti. Nimeona picha nyingi maishani. Ile ilikuwa kazi ya mtoto wa miaka kumi, kwa penseli na rangi za bei rahisi, lakini jicho lilikuwa limetokeza kama pia ndogo ya kuchezea, yenye tundu, na lilitazama nyuma wakati kichwa kinatazama mbele. Vidole vimekumbatia kijiti, viwili huku, vitatu kule. Nikasema mashaallah kabla sijafikiri. Akacheka kwa furaha. Kisha nikafikiri.

Madrasa nimefundisha makemeo yaliyokuja juu ya kuunda sura za vyenye roho. Nimeyafundisha kwa miaka mingi na kwa ukali, na nyumbani kwangu hakuna picha ukutani. Nikaingiwa na hofu kwa ajili ya mtoto, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli, siikani. Lakini sikumwambia neno. Nilimrudishia karatasi yake, na asubuhi ya pili nikajitanda kanga, nikapanda kwenda shuleni.

Nilikusudia kuomba jambo moja tu: mjukuu wangu asamehewe kuchora wanyama, achore mimea. Mwalimu alinipokea kwa shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hana kizuizi, ila ombi linalogusa kazi ya darasa hulipeleka kwenye duara, kwa hiyo kama sitajali niwaeleze watoto mwenyewe. Nikakubali. Ningeweza kukataa.

Mwenyekiti wa wiki ile alikuwa msichana mwenye sauti nene kama ya mnadi. Watoto wote walisimama wakaniamkia, nikawaitikia marahaba, wakakaa. Mwenyekiti akasema, "Bibi, mgeni anaanza yeye. Ukimaliza, tutakuuliza maswali."

Nikaanza kwa upole. Lakini ni lazima niseme ilivyokuwa. Madrasa watoto wananisikiliza huku wanachungulia dirishani. Hawa walinitazama usoni, wote, midomo wazi, hakuna aliyegusa mwenzake. Ni muda mrefu sijasikilizwa namna ile. Nikasahau kwamba nilikuja kuombea mtoto mmoja. Nikaeleza makemeo, nikaeleza siku ya hesabu, nikasema kuumba ni kwa Muumba peke yake na anayeiga kuumba amejiingiza pabaya. Mvulana mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Na sisi tusio Waislamu je, Bibi?" Nikamjibu kwamba Mungu aliyemuumba kinyonga ni mmoja, hakuna wa kwenu na wa kwetu. Akashusha mkono polepole. Niliona amepata hofu, nikaona nimejibu vizuri.

Ndipo msichana mdogo kuliko wote, aliyekaa karibu na miguu yangu, akanyoosha mkono. Akapewa nafasi.

"Samahani, Bibi. Kanga yako ina majogoo."

Darasa likacheka. Nikajitazama. Kweli, kanga niliyojitanda ilikuwa ya majogoo, mekundu, yenye macho, kila kona. Nilikuwa nimeivaa miaka yote bila kuyaona.

Nikamwambia nguo ni kitu cha kuvaliwa, kufuliwa, kukaliwa, hakuna anayeitukuza, na kwa hiyo yapo maelezo ya wanazuoni kwamba imesamehewa.

"Kumbe ipo ruhusa kidogo," akasema.

"Ya nguo," nikasema.

"Na ya karatasi? Karatasi zetu nazo tunazikalia. Huyu jana alikalia kinyonga wangu."

Wakacheka tena, na aliyesingiziwa akasema ni uongo, alikalia mkia tu. Mwalimu naye alitabasamu, akaangalia chini. Wote walikuwa wananingoja. Swali lilikuwa sahihi. Katika maisha yangu ya kufundisha ni wanafunzi wachache waliowahi kuniuliza swali lililokwenda moja kwa moja namna ile, na jawabu nilikuwa nalo. Baba alinifundisha kauli zote: ya waliokataza sura zote zenye roho, ya waliotenganisha sanamu yenye kivuli na kilichochorwa bapa, ya waliowaachia watoto mambo yao ya kuchezea na kujifunzia. Alinifundisha kila kauli na hoja zake, na mimi mwenyewe nikachagua ile ya tahadhari. Ni haki yangu kuichagua. Lakini nilipoulizwa juu ya majogoo yangu nilikwenda haraka kuichukua ruhusa nikajifunika nayo, na mtoto aliponyoosha mkono aipate yeye, nikafunga mlango.

Nilimwambia, "Mwanangu, usibishane na mkubwa."

Akashusha macho. Kicheko kikakoma.

Mwalimu akauliza kama darasa linataka kupiga kura, na akakumbusha kwamba ombi lilikuwa la mwanafunzi mmoja tu. Lakini watoto walikuwa wameshatishika; waliotaka vipepeo wakaomba jambo lirudi, na mwenyekiti akasema swali sasa ni la wote: kinyonga abaki au aondoke. Msichana mmoja akainuka kwenda kuchukua makopo. Mvulana aliyekaa mlangoni akamzuia. Alisema si vizuri kupiga kura ya siri wakati mtu mzima amekaa hapa, ni kama tunamficha Bibi kitu. Tuinue mikono.  Mwalimu katika kuchagua cha kuchora hakuwa na kura, lilikuwa shauri lao. Na hapa kwetu, ni mtoto gani angesema hapana, tumfiche?

Mwenyekiti akaita: kinyonga aondoke. Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, hata wa yule mdogo aliyeniuliza. Mjukuu wangu alinitazama kwanza. Kisha akainua wake, si juu, kiwiko kimebaki kimebana ubavuni. Alikuwa anapiga kura dhidi ya neno lake mwenyewe, mbele ya wote aliowashawishi, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale.

Nikamtabasamia. Nikikumbuka siku ile, hilo tabasamu ndilo linaloniuma zaidi.

Nikawaombea dua, nikashuka mjini nikiwa mwepesi. Nilipita sokoni nikanunua ndizi na nyama ya mtori, nikawasimulia majirani namna watoto wa siku hizi wanavyoelewa wakielezwa. Shuleni, watoto walibandua michoro ya ukutani wakaitia kwenye boksi, wakaanza kuchora majani ya mbuni.

Mjukuu wangu hakunung'unika. Alirudi, akavua viatu, akafua soksi zake, akasoma. Zilipita siku kadhaa kabla sijatambua kinachopungua nyumbani. Nikamuuliza, shuleni vipi? Akasema vizuri. Mmepiga kura? Akasema, "Tunachora majani, Bibi. Majani hayana shida." Alikuwa na adabu kabisa. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenuna.

Siku za Alhamisi huja kina mama watu wazima, tunasoma adabu za elimu. Wiki moja somo lilifika kwenye habari za mtu aliyeulizwa jambo analolijua akalificha, na onyo lililomfika. Mlango huo nimeusomesha mara nyingi. Siku hiyo nilianza sentensi nikashindwa kuimaliza.  Mama mmoja akadhani presha imepanda, akaniletea maji, akanipepea kwa daftari lake. Nikawaambia tuishie hapo. Walipoondoka nilibaki kwenye mkeka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimesikia mtoto akiuliza, na ya karatasi?

Sikulia. Nilitubu kwa Mola wangu, naye ni Mwingi wa kusamehe, na hilo sina shaka nalo. Shaka yangu ilikuwa kwa watoto. Kwao sikuwa nimetubu, na mmoja wao alikuwa analala chumba cha pili.

Nikapanda tena shuleni. Safari hii nilimwambia mwalimu wazi kwamba kuna maneno niliyoyaacha, naomba nafasi. Mwenyekiti alikuwa mvulana mwenye miwani, mtu wa kanuni. Alinisikiliza akiwa amesimama, kwa heshima, kisha akasema, "Bibi, samahani sana. Jambo lile lilishaamuliwa. Anayeweza kulirudisha ni aliyeshindwa, na siku ile hakuna aliyeshindwa. Tuliinua wote."

Nilibaki nimesimama katikati ya duara, mkoba mkononi. Alisema kweli. Nilikuwa nimeshinda kiasi kwamba hapakuwa na mtu wa kunirudisha nyuma. Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa anachokoa uzi wa mkeka, hakuinua uso, na nilielewa kwamba hatanisaidia, na kwamba sina haki ya kumtaka anisaidie.

Yule msichana mdogo akanyoosha mkono.

"Mimi nilishindwa," akasema. "Mkono niliinua kwa sababu niliambiwa nisibishane. Lakini nilishindwa."

Mwenyekiti akafikiri, akamwangalia mwalimu. Akavua miwani, akaipangusa, akasema basi linarudi.

Sikutaka kiti. Nilikaa kwenye mkeka pamoja nao. Nikawaambia kwamba siku ile niliulizwa swali na jawabu nilikuwa nalo, sikulitoa. Nikawaambia kauli za wanazuoni zote, kwa maneno mafupi, na kwamba nyumbani kwangu nafuata ya tahadhari na nitaendelea kuifuata, lakini kwamba wapo wacha Mungu, wenye elimu kunishinda, walioona vingine. Nikamgeukia yule mdogo. "Swali lako lilikuwa zuri. Halikuwa ubishi. Mimi ndiye niliyekosa, naomba unisamehe."

Hakujua afanye nini. Mtoto haombwi radhi na ajuza kila siku. Akasema, "Asante, Bibi," kisha akaona halitoshi, akasema, "Shikamoo." Wenzake wakacheka, na mimi nikaitikia.

Wakapiga kura kwa punje, nyuma ya kabati. Kinyonga akarudi. Mjukuu wangu alitia punje yake kama wengine, na mpaka leo sijui alitia kopo gani.

Lakini mwenye kile kihamba alikuwa ameshang'oa mibuni ya zamani apande parachichi, na kinyonga wao hakuonekana tena. Darasa lilikuwa halichori kisichotazamwa. Ikabidi mwalimu atafute mwingine juu zaidi, Old Moshi, kwa ndugu wa mmoja wa watoto, na muhula ulikuwa umebaki mdogo. Walimchora huyo, wa kahawia, mdogo. Siku ya wazazi nilikwenda. Ukuta ulijaa vinyonga, na chini, karibu na swichi ya taa, kulikuwa na jani la mbuni, moja, lililochorwa kwa uangalifu mkubwa, kila mshipa. Lilikuwa la mjukuu wangu. Mwalimu akanieleza, bila kunilaumu, kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba aendelee na majani, na duara likamruhusu.

Nikamuuliza tukiwa tunashuka. Nilimwambia nimeshasema yote, hana kizuizi, hata mama yake angefurahi kuona kinyonga. 

"Bibi, siku ile ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Yote?"

"Yote."

Akasema, "Basi mimi nitangoja. Nitajua mwenyewe kwanza, ndiyo nitachora." Kisha akaniuliza kama tutapita kwa muuza miwa.

Ile michoro ya kwanza, iliyokuwa kwenye boksi, sijui ilikwenda wapi. Niliuliza, mwalimu akasema kila mtoto alichukua wake. Nyumbani haupo. Sijamuuliza mtoto.

Anaendelea kuja madrasa. Anakaa safu ya mbele, anahifadhi vizuri kama zamani. Lakini sasa kila nikimaliza kueleza jambo, kabla wenzake hawajafunga misahafu, anainua mkono, na anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wote, "Bibi, hiyo ndiyo yote?" Mara nyingine siyo yote. Basi nasema, kuna na kauli hii, na kuna na hii, tunakaa mpaka magharibi, na wale wa nyuma wameacha kuchungulia dirishani. Mara nyingine ndiyo yote niyajuayo, nami namwambia hivyo. Hapo hunitazama, kwa muda mrefu kuliko mjukuu anavyopaswa kumtazama bibi yake, akipima. Nangoja amalize. Namshukuru Mungu kwamba bado anauliza.